Herufi Nne Kwenye Koti la Mama

Mafuta ya cherehani yana harufu yake, na nikiyanusa mpaka leo namwona mama yangu anaingia mlangoni jioni, koti la bluu mkononi, vidole vimejaa alama za sindano. Alikuwa fundi wa kushona katika kambi moja ya jeshi pale Tabora. Hakuwa askari, alikuwa mtumishi wa kawaida kama walivyokuwa wapishi na wafuaji, na kazi yake ilikuwa magwanda: kupunguza suruali, kubadili kola, kushonea tepe za koplo na nyota za luteni. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizo ilipitisha baiskeli na magunia ya mkaa. Hakuna aliyepandishwa cheo kambini bila cheo hicho kupita kwanza mikononi mwa mama, lakini yeye mwenyewe hakuwa na tepe hata moja. Hakuruhusiwa kutoka na kipande chochote cha kitambaa cha jeshi. Kila jioni alikung'uta mkoba wake getini, na kama uzi wa kijani ulikuwa umeng'ang'ania sketi yake, aliubandua akauacha pale pale.

Nilipokuwa darasa la tano akaja luteni mpya wa stoo. Huyu hakupenda kuona watu wasio askari wakichanganyika na askari kwenye foleni ya chakula, basi akaagiza kila mtumishi wa aina ya mama ashone kifuani mwa koti lake la bluu kitambaa cheupe chenye neno RAIA kwa uzi mwekundu, lisomeke kwa mbali. Walikuwa kumi na mmoja. Na kwa kuwa fundi alikuwa mama, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwashonea wote, pamoja na yeye mwenyewe. Baada ya hapo vijana waliozoea kumwita Mama Neema wakaanza kumwambia, "Raia, pisha." Sio wote, nisiwaonee, lakini walitosha. Watoto wa askari tulisoma nao, na binti wa sajini mmoja niliyekaa naye dawati moja aliniambia mbele ya darasa kwamba mama yangu si mwanajeshi, ni raia tu. Hilo "tu" ndilo lililonichoma. Nilitembea nalo mpaka nyumbani na nililala nalo.

Hapo nikafanya ujinga ambao mpaka leo nikiukumbuka nauona mkono wangu wenyewe. Jumapili, mama akiwa mazoezi ya kwaya, nilichukua wembe nikafumua herufi zote nne, uzi kwa uzi, nikabakiza kitambaa cheupe kitupu. Nilikunja koti kama alivyolikunja yeye na kulirudisha mkobani. Nilijiona nimemwokoa. Yeye alikuwa na kawaida ya kulivaa getini, kwa hiyo Jumatatu alikuja kugundua mbele ya mlinzi, na mbele ya luteni aliyekuwa amesimama pale. Alirudishwa nyumbani, siku ile ikahesabiwa utoro, akaambiwa akirudia kukaidi amri ajihesabu hana kazi. Baba alikuwa ameshafariki. Ile kazi ndiyo iliyokuwa baba yetu.

Niliporudi kutoka shule nilimkuta ameketi, koti magotini. Hakunipiga, na heri angenipiga. Aliniuliza kwa nini, nami nikamwambia huku nalia kwamba wanasema yeye ni raia tu. Akaagiza nilete daftari langu la Uraia. Alilisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka pale nilipokuwa nimenakili kutoka ubaoni kwamba raia ni mwenye nchi, na ana haki ya kuheshimiwa popote ndani yake. Alipomaliza akanitazama.

"Mwalimu wako na huyo mtoto wa sajini, nani mwongo?"

Aliliweka daftari juu ya koti.

"Babu zangu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na hakuna aliyejali hata kuuliza wanaitwa nani. Mimi nimeandikwa, Neema. Usinifute."

Kisha akavuta cherehani yetu kuukuu, mimi nikashika uzi, akashona upya. Herufi zilikuwa nene mara mbili ya zile za mwanzo, na zilijaza kifua kizima upande wa kushoto. Kesho yake luteni alimuuliza nani kamtuma kuandika makubwa namna ile. Mama alimjibu kwamba amri ilisema lisomeke kwa mbali, na sasa linasomeka.

Haikupita muda likaja gwaride, na watu wa mjini wakaalikwa kambini kutazama. Luteni aliwaambia wale kumi na mmoja wabaki jikoni na kwenye chumba cha ushonaji mpaka wageni waondoke, kwa sababu makoti yao ya bluu yangeharibu mandhari. Ila aliyeandika vibao vya uwanjani hakuwa amemuuliza luteni. Chini ya turubai aliweka kibao cha WAGENI RASMI, na kwenye mabenchi ya mbele, palipoandaliwa watu wa mjini, akaweka kibao kingine kikubwa: RAIA. Mama alikiona dirishani akiwa anakaza kifungo cha mwisho cha gwanda la akiba la huyo huyo luteni. Alikata uzi, akaweka sindano chini, akawaambia wenzake kibao kinawaita. Wakatoka wote, mzee Maganga mpishi akiwa na harufu yake ya vitunguu, wakaenda kukaa.

Sisi wanafunzi tulisimamishwa nyuma ya mabenchi hayo hayo, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Luteni alikuja haraka lakini kwa sauti ya chini, maana wageni walikuwa wanatazama.

"Nani kawaruhusu kukaa hapa?"

Mama alisimama kwa heshima. Akanyoosha kidole kwenye kibao, halafu akakirudisha kifuani mwake.

"Tumesoma, afande."

Mwenye duka mmoja wa mjini, Mhindi, alicheka mpaka akatoa leso, kisha akasogea ili mzee Maganga akae vizuri. Luteni alitazama kibao, akatazama yale makoti, na bendi ikaanza kupiga, ikabidi akimbilie mstari wake. Askari walipopita, mama alinigeukia akaninong'oneza kwamba wa tatu kutoka mwisho kola yake ameibadili yeye juzi. Nilijivuna sana siku ile. Nilimtafuta binti wa sajini kwa macho ili anione.

Sitadai kwamba tulishinda. Ilikuja barua ya onyo, na mama akahamishiwa ufuaji miezi mitatu, sabuni ikampasua mikono mpaka akawa hawezi kushika sindano bila kukunja uso. Alitakiwa kuandika maelezo ya kuomba radhi. Aliandika kwamba hawezi kuomba radhi kwa kukaa mahali palipoandikwa jina lake. Baadaye luteni alihamishwa, amri yake ikafa, wenzake mama wakafumua vitambaa vyao. Mama aliendelea kuvaa chake mpaka alipostaafu, na sasa koti hilo liko Usoke anakoishi, limetundikwa nyuma ya mlango, wekundu wake umefifia.

Mimi kazi zangu hunipeleka ofisi za wilaya kule Isikizya na za mjini, na kila ofisi ninayoingia watu wamevaa vitambulisho shingoni. Mwenye cheo kikubwa hugeuza kitambulisho chake kionekane. Mwenye cheo kidogo hukiingiza chake mfukoni mwa shati, na mimi hukasirika kila nikimwona, kwa sababu najua ni watu kama yule luteni waliomfundisha kuona haya. Mlangoni kuna kitabu cha wageni, na ndani yake kuna safu ya cheo. Wiki iliyopita nilijaza jina langu, nikafika kwenye safu hiyo, nikaandika RAIA, herufi kubwa mpaka zikapanda mstari wa juu. Mlinzi, kijana mdogo, aliinama akasoma.

"Shikamoo mama. Samahani, hapo tunaandika cheo."

"Marahaba. Nimeandika," nikamwambia, nikamrudishia kalamu yake, nikaingia.