Jiwe Nililolichuna

Niliolewa Newala miaka michache kabla ya Uhuru, nikitokea Masasi, ambako kisima kilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Hakunieleza kwamba kule juu mlimani maji hufuatwa bondeni, mteremko mrefu wa kushuka na mrefu zaidi wa kupanda, mtungi ukiwa kichwani.

Wiki ya pili niliteleza. Mawe ya kijito yalikuwa na ngozi nyeusi yenye ukijani, imebana jiwe hata kucha haipenyi, na ikilowa ni kama imepakwa mafuta. Mtungi wa mama mkwe ukavunjika vipande. Hakusema neno. Aliniangalia goti tu, akalifunga kwa kipande cha kanga yake.

Ukimya ule ulinichoma kuliko tusi. Kesho yake nikatangulia alfajiri na jembe kuukuu. Nikakwangua, nikasugua kwa mchanga, mpaka jiwe kubwa la kuchotea likang'aa jekundu. Nilijiona nimewafanyia watu wema.

Wanawake walipofika, walisimama. Bibi mmoja, aliyekuwa akisikilizwa na wote pale mtoni, aliinama akalipapasa jiwe.

"Nani amelichuna?"

"Mimi, bibi. Shikamoo. Linatelezesha watu."

Hakuitikia. "Ngozi hii huota pale tu maji yanapokaa sana. Kiangazi yakishuka chini ya ukingo wake, tunajua: hakuna kufua, na kila nyumba mtungi mmoja. Sasa kina cha maji tutakisoma wapi?"

"Itaota tena?"

"Mimi niliikuta. Mama yangu aliikuta."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mama mkwe akatua mtungi wake wa kuazima. "Mgeni ni wangu," alisema. "Sikumfundisha. Mkitaka kusema, semeni na mimi."

Tulipopanda mlima nililia njia nzima. Alikuwa mbele yangu, hakugeuka. "Lia, mwanangu," alisema, "ila usimwage maji."

Miaka mingi baadaye binti yangu, aliyesomea mimea, aliniambia kitu kile huitwa kuvumwani: kuvu na mwani walioungana wakawa mwili mmoja, na hukua polepole mno. Wakati ule nilijua tu kwamba nimeharibu.

Kiangazi kilifika na mabishano yakafika nacho. Huyu alisema maji bado mengi, yule akasema yanakwisha. Wengine wakaendelea kufua. Kabla ya mvua, kidimbwi cha kuchotea kikawa tope, tukalazimika kwenda kijito cha mbali zaidi. Miguu ya mama mkwe ilivimba. Nikamwambia abaki nyumbani, nikawa naenda mara mbili kwa siku, yake na yangu. Jioni nilimkanda kwa maji ya moto kidogo sana, maana ndiyo tuliyokuwa nayo. Hakuna siku aliyonikumbusha lile jiwe.

Mvua ziliponyesha, yule bibi wa mtoni alinitumia mtu. Nilikwenda. Alinishika mkono akanipandisha upande wa juu wa kijito, penye mizizi na kivuli, ambako mawe mengine yalikuwa bado na ngozi yao.

"Magoti yangu hayawezi tena kunileta huku kila mara," alisema. "Wewe una macho. Njoo utazame kila siku tatu, unijulishe."

Kiangazi kilichofuata, maji yaliposhuka chini ya ukingo wa ngozi ile, nilimpelekea habari. Akasema, "Kawaambie mwenyewe."

Nikashuka. Wanawake watano walikuwa wamekwishaloweka nguo. Nikasema kufua kumekoma leo.

Mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, akaweka mikono kiunoni. "Wewe, mchuna jiwe, ndiye wa kutuamrisha?"

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Shikamoo."

Alinitazama, kisha kicheko kikamtoka, na wenzake wakafuata. "Marahaba," akasema, akaanza kukamua nguo zake. Nikamsaidia kuzibeba mpaka juu.