Suruali Iliyopigwa Bandi

Fundi cherehani huyu alikuwa na mwiko mmoja: hamalizi upindo wa suruali mpaka mwenyewe aje, aivae, asimame mbele ya kioo. Kabla ya hapo hupiga bandi tu, zile nyuzi za muda za kufumuliwa. Wateja walimtania kwamba hata mfalme angesimamishwa pale kiooni, naye hucheka na kuendelea na yake.

Suruali ya mumewe ilining'inia ukutani na bandi zake tangu mume huyo alipoaga kwenda kutafuta kazi. Simu zake zilipungua, kisha zikakatika kabisa. Leo dada yake mkubwa alimburuta fundi kwa wakili.

"Kuondoka tu si kutelekeza," wakili alisema. "Mtu anaweza kukaa mbali miaka, nia yake ikabaki nyumbani. Mahakama itauliza: alikusudia kutorudi? Aliacha nini?"

"Suruali," fundi akajibu haraka. "Hajaijaribu."

"Na wewe nawe!" dada akafoka. "Umeolewa na suruali?"

Wakili hakucheka. Alisema hata kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa dalili ya kurudi. Akafikirie, kesho aje aseme kama anataka kudai talaka. Fundi alirudi kibandani roho mkononi. Akisema ametelekezwa, halafu mtu akatokea mlangoni wiki ijayo? Na asiposema, azeeke akilinda ukuta? Nusura aunguze gauni la mteja kwa pasi.

Jioni mwanamume mmoja akapiga hodi. Alisema anafanya kazi na mumewe, na kesho anarudi huko.

"Shemeji, jamaa hajambo. Ameniagiza suruali yake."

Moyo ukamlipuka. "Mbona asije mwenyewe? Haijamalizwa hiyo."

Mgeni akatazama viatu vyake. "Amesema umalizie tu, shemeji. Hivyo hivyo."

"Hakusema kingine?"

"Hapana."

Iliuma, tena sana, na asidanganye mtu kwamba alijikaza. Machozi yalidondokea kitambaa. Hata hivyo alimvutia mgeni kiti, akaishusha suruali, akaushona upindo bila mwenyewe kusimama kiooni, kisha akazifumua bandi moja moja.

Mgeni alipokwenda zake, akampigia dada yake simu.

"Kesho twende kwa wakili," alisema. "Hakuacha kitu."