Mbeleko ya Vifungio

Mimi ukiniuliza neno moja nakujibu matatu, na mume wangu alinioa akilijua hilo. Kwa hiyo siku aliporudi nyumbani na ile mbeleko, ikiwa ndani ya mfuko uleule niliompa aende nao dukani, sikuhitaji kuambiwa kitu. Mwenzangu ni mpole mno. Alikuwa ameshashindwa kabla hajamaliza kusalimia.

Haikuwa mbeleko ya kanga. Ilikuwa hizi za kisasa, za mikanda na vifungio vya plastiki, mtoto anakaa kifuani. Niliinunua mwenyewe Moshi mjini, tumbo limenitangulia, nikaringa nayo njia nzima hadi nyumbani kwetu Njoro. Nilipojifungua nikapandishwa kwa mama mkwe, upande wa Marangu, kulelewa uzazi. Huko mzazi hafanyi kazi wala hatoki nje ya ua kwa miezi mitatu. Analetewa mtori wa ndizi na nyama, analetewa supu, anaambiwa alale. Mama mkwe alinilea hivyo bila kunung'unika hata mara moja, na mtoto alikuwa wake zaidi ya kuwa wangu. Alimwogesha yeye, akambembeleza yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyonyesha na kunenepa.

Shingo ya mtoto ilipokaza, nikaitoa mbeleko yangu. Mama akaicheka, akasema ni begi la shule limevaliwa kinyume. Lakini kwa kuniridhisha akakubali kuivaa, tukaifunga pamoja, mimi huku yeye kule, akatoka na mjukuu wake kwenda kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Hakufika mbali. Nikasikia ukelele nikatoka mbio, uzazi au si uzazi. Kifungio cha begani kilikuwa kimeachia chenyewe. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mawe, goti linatoka damu, amemkumbatia mtoto kifuani kwa mikono yote miwili. Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo.

Basi ndipo nikamtuma mume wangu airudishe. Dukani wakamwambia siku saba za kurudisha bidhaa zimeshapita. Tena wakamwambia kifungio hakina tatizo, ni bibi ndiye hakujua kukifunga. Naye mwenzangu, sijui alikuwa anawaza nini, akayarudia maneno hayo jikoni mama yake akiwa anasikia.

Tangu hapo mama akaacha kumshika mtoto. Hakununa. Aliniletea mtori wangu kama kawaida, akauweka mezani, akaondoka. Mtoto akilia, mama ananiita mimi. Nikimnyooshea ampokee, anasema mikono ina majivu. Siku moja jirani alipita baada ya misa akaomba kumwona mtoto, na mama akamjibu taratibu kwamba yeye mikono yake imezeeka, haaminiki tena na vitu vidogo. Alisema hivyo huku anacheka. Mimi niliingia chumbani nikalia kwa hasira. Mwanamke aliyewalea watoto wake wote mgongoni, juu ya mteremko ule, anafanywa mzembe na kipande cha plastiki!

Nikasema naenda dukani mwenyewe, na mama twende wote. Mama akakataa, miezi yangu ilikuwa haijatimia, watu watasema amenifukuza uzazi. Nikamwambia waseme mpaka wachoke. Mume wangu akatuendesha, tukapitia Himo. Mtoto nilimpakata mimi. Mama alikaa nyuma peke yake akiwa na chane ya ndizi, maana yeye haendi kwa mtu mikono mitupu, hata anayegombana naye.

Mwenye duka ni mama wa Kihindi, umri wake sawa na mama mkwe, mzaliwa wa hapahapa Moshi. Nikampa shikamoo yake, akaitikia vizuri, akapokea na ndizi. Nilipoweka mbeleko mezani sura ikabadilika. Akanionyesha risiti, chini imepigwa muhuri: bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na ikiwa na kasoro ni ndani ya siku saba.

"Mama, niliinunua nikiwa na mimba," nikamwambia. "Siku saba zako ningemjaribia nani? Na nilipojifungua, wewe umekulia hapa. Mzazi wa Kichaga anatoka ndani lini?"

Akaitazama tena risiti. Halafu akacheka, akasema hata mkwe wake amejifungua, yuko ndani sasa hivi, hajaliona jua. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia. Nikamwambia muhuri wa risiti haufuti haki ya mnunuzi. Kitu kibovu kinarudi hata kama kimepigwa mihuri kumi. Akakubali habari ya siku. Ila akashikilia kwamba vifungio ni vizima, labda hapo nyumbani vilifungwa vibaya. Alisema kwa adabu, lakini nilimwona mama mkwe anainamisha kichwa.

Nikasema sawa. Kwenye gari tulikuwa na mchele wa Mabogini, mfuko wa kilo chache, uzito wa mtoto kabisa. Nikamwambia mume wangu aulete. Nikamwomba mwenye duka ashushe mbeleko nyingine, mpya, miongoni mwa zile zilizoning'inia ukutani, aivae yeye na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe kama anavyotaka. Akautia mfuko wa mchele ndani, akaifunga. Akavuta kila mkanda, akatikisa kila kifungio, akaridhika. Akatembea mpaka mlangoni akageuka. Kifungio cha begani kikasema tak, mfuko ukaanguka, ukapasuka, mchele ukatapakaa hadi chini ya makabati.

Mwenye duka alisimama akiangalia ule mchele, mkono kifuani. Kisha akaanza kuzishusha zile mbeleko ukutani, moja moja, na kuzirundika nyuma ya meza. Alipofungua droo anirudishie pesa yangu, nikamzuia.

"Hiyo baadaye. Kwanza mwambie huyu."

Akazunguka meza, akakanyaga mchele, akaja kusimama mbele ya mama mkwe. Akamwambia, "Mama, hukukosea. Kitu ndicho kibovu, na sisi tulikusingizia. Ulimwokoa mtoto."

Mama mkwe alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akajifuta viganja kwenye kitenge chake. Halafu akanigeukia mimi, mikono ameshainyoosha.

"Hebu mlete huyo," akasema. "Unamshikaje mtoto hivyo?"