Alitaka Chungu Kiwe Kipya

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwaambia watu umri wa vyungu vyao. Wote walionijia waliomba kitu kimoja: niseme ni cha kale.

Msichana mmoja tu ndiye aliyetaka niseme ni kipya. Nikamwambia ni cha kale, na akakaa chini pale pale sokoni kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nimekaa na hii stori tangu Februari. Leo naitoa, nimechoka kuibeba.

Naitwa Ekaale, lakini kuanzia Lodwar hadi Kakuma wananiita Museum. Zamani nilichimba na watafiti wa mambo ya kale kule kando ya Ziwa Turkana, misimu sita, kazi yangu kuchekecha mchanga na kuokota vigae. Watafiti wakaenda zao, mimi nikabaki na jina.

Kinachochekesha ni kwamba sisi Waturkana vyungu si vyetu sana. Mtu anayehama na punda habebi udongo. Maziwa yetu hukaa kwenye vyombo vya mti na ngozi, na mama yangu aliaga dunia bila kupika kwa chungu hata siku moja. Lakini mjini ukishajulikana kwa kitu, umejulikana.

Siku hiyo nilikuwa Kakuma, soko la kambi ya wakimbizi. Jua kali, mgongo unauma, nataka chai na kivuli tu, basi. Annick akaniita.

Annick ni mama Mkongomani anayeuza vitu vya nyumbani vilivyokwishatumika. Vingi ni vya wakimbizi waliopata safari ya ng'ambo, au wageni waliorudi kwao, na hawawezi kubeba kila kitu.

"Museum, kuya uone hii chungu," akasema. "Huyu mutoto ananisumbua tangu asubui. Namwambia ni ya zamani, yeye hataki kuamini."

Mtoto mwenyewe alikuwa binti mrefu wa miaka kama ishirini, anaitwa Aluel, wa kutoka Sudan Kusini. Chungu alikuwa amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Ejok, mzee," akanisalimia. "Angalia mzuri. Hii ni ya zamani ama ni ya juzi juzi tu?"

Nikakipokea na kuanza maigizo yangu, maana watu walishasogea. Nikakigonga kwa ukucha nikasikiliza. Nikakigusisha ulimi, kwa sababu kigae kikavu cha kale hung'ang'ania ulimi. Nikageuza kitako.

Chungu kilichotumika miaka mingi huwa kimelika pale tu kinapogusa chini. Hiki kilikuwa kimelika kila mahali, hata pasipoweza kugusana na kitu.

Nikapitisha kidole ndani ya mdomo wa chungu, nikakuta mkwaruzo mdogo. Huo mkwaruzo niliujua.

Nikamrudishia. "Hii ni ya kitambo sana," nikasema, nikamalizia na utani wangu wa kila siku. "Mwenye alifinyanga hii alishazikwa."

Watu wakacheka. Aluel akakaa chini vumbini, chungu mapajani, akilia.

Ningeenda zangu kunywa chai, mambo yangeishia hapo. Sijui nilisimama kwa nini. Pengine ni uchovu tu, maana hata kuondoka kunahitaji nguvu.

"Sasa unalia nini, mama?" nikamuuliza. "Ya kitambo ndiyo nzuri."

"Ya kitambo ni ya kabla ya vita," akasema. "Mimi nilitaka ya baada."

Akanieleza. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Kila chungu alikibonyeza kwa kidole gumba chini ya mdomo, alama moja kwa kila mtoto wake aliye hai. Mtoto akifa, alama yake haiwekwi tena.

Walikuwa wawili, yeye na mdogo wake Kuot. Vita vilipofika kwao Aluel alikuwa na miaka tisa. Shangazi yake alimvusha mto. Mama akabaki upande ule na Kuot, akiwa na mimba ya kujifungua wakati wowote. Tangu hapo miaka kumi na moja imepita, hajasikia neno.

"Ona." Akanionyesha vishimo viwili, vimelala upande kidogo. "Kidole ya mama ilipinda, alivunjika akiwa mdogo. Hii ni yeye. Lakini ni mbili tu, mimi na Kuot, na wewe umesema alishazikwa."

Sasa niseme jambo ambalo hadi siku ile sikuwa nimelisema popote.

Kuna dalali wa Lodwar, Lokeno. Alikuwa akiniletea vyungu vipya kutoka soko la Sudan Kusini, ng'ambo ya mpaka wa Nadapal, mimi navizeesha, yeye anawauzia wageni. Cha kale halisi sikugusa, hicho ni mali ya serikali. Nilijiambia kipya hakina mwenyewe.

Nilichemsha majani ya chai na magadi, nikapaka chungu. Nikasugua kitako kwa mchanga wa mto Kawalase. Ubavu mmoja nikaupaka tope zito, kionekane kililala ardhini. Mwisho naweka mkwaruzo ndani ya mdomo, nisije siku moja nikadanganywa na kazi ya mikono yangu.

Hiki kilipita kwangu mwaka juzi. Kilifika kikinuka moshi wa tanuri.

Sikutaka kusema, nisijifanye malaika. Nusu ya soko ilikuwa imesimama pale, na mtu wa umri wangu hana kingine zaidi ya jina. Lakini binti alikuwa ameanza kumzika mama yake kwa sababu ya utani wangu.

"Annick, nipe maji moto."

"Ya kufanya nini?"

"Nipe tu."

Nikakichukua chungu, nikakimwagia. Uchafu wa miaka huingia ndani ya udongo wenyewe, hautoki kwa maji. Huu ulitiririka kama mchuzi.

"Huu uzee ni mimi niliweka, kwa majani ya chai," nikasema. "Hii chungu haijamaliza miaka mitatu. Nimewadanganya, na si hii peke yake."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha. Annick alinitazama sana. "Museum. Weye," akasema. Aibu niliyoisikia sijapata kuisikia tena.

Aluel hakuwa na habari na sisi. Alikivuta chungu kwake, akashika pindo la nguo yake akawa anafuta ule ubavu wa tope zito. Chini ya tope kikatokea kishimo cha tatu, kimelala upande kama wenzake.

Akakigusa. "Huyu ni wa tumbo," akasema. "Alizaliwa."

Akagusa cha pili. "Kuot."

Akarudi cha kwanza, akakiwekea kidole.

"Na hii ni mimi," akasema. "Bado ananiweka."

Nililia, mzee mzima, mbele za watu.

Nikampigia Lokeno simu pale pale. "Yule mama mrefu wa kidole imepinda?" akasema. "Huyo ako. Anakujanga soko na kasichana kanamsaidia kubeba." Wiki haikuisha, Aluel na shangazi yake wakapanda gari la Lokichoggio, kuelekea mpakani.

Chungu Annick alimpa bure, akasema hasara ni yangu, na ni kweli. Vyungu siletewi tena. Sokoni sasa wananiita Majani, kwa sababu ya ile chai. Nimepumzika, ingawa si mapumziko niliyoyaomba.

Mnaopenda funzo, langu ni hili: tope unalopaka kuficha ukweli wa kitu, hujui linamfunika mtoto wa nani.

Mwezi uliopita simu yangu ililia. Ilikuwa picha ya chungu kibichi kinachokauka juani, vishimo vitatu chini ya mdomo, na pembeni mkono wa mama mwenye gumba lililopinda.

Chini Aluel ameandika: "Museum, hii ni mpya. Usiiguse."