Ushahidi Ndani ya Bitana

Nikipita kwa fundi cherehani na kusikia mshono ukifumuliwa, ule mkwaruzo mkavu wa uzi unaokatika kidogo kidogo, mwili hunisisimka. Watu hudhani ni kelele tu inayoniudhi. Nyinyi nitawaambia ukweli, kwa kuwa hamtanisema kwa mama.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Jeddah, mtaa wa Al-Hindawiyah, ghorofa ya tatu, vyumba viwili vyenye harufu ya iliki na unyevu wa kiyoyozi kilichovujia ukutani. Baba, mtu wa Mombasa, alikuwa mfasiri katika ofisi ya mizigo, na kazi hiyo ndiyo iliyomruhusu kukaa nasi kule. Wiki moja tulipata mgeni: Shangazi Rehema, binti wa ami yake baba, aliyekuwa amemaliza miaka miwili ya kazi za ndani Al-Suwaidi, Riyadh. Alitakiwa awe ameshapanda ndege. Lakini madam wake alisema bangili yake ya dhahabu imepotea, na kafili, yaani mdhamini wake wa kazi, mume wa madam aliyekaa na pasipoti ya Rehema, akakataa kumpa ruhusa ya kuondoka. Baba alisafiri kwenda kumwombea. Akatia sahihi karatasi: Rehema akae kwetu mpaka Ijumaa, siku ambayo wenyewe wangepita Jeddah wakitoka umra. Bangili ikipatikana, halas, aende kwao. Isipopatikana, polisi. Na akitoroka, atashikwa baba, na ikama zetu, vile vibali vya kuishi, zifutwe.

Tulimkaribisha kwa mikono miwili na kumchunga kwa macho sita. Mama alihamisha mkufu wake wa harusi kutoka kabatini, akauzika ndani ya debe la mchele. Mchana kutwa alimwita Rehema "wifi yangu", na jioni alihesabu vijiko. Mimi nilichunga begi. Shangazi alililalia badala ya mto, na mtu akitaka kupiga deki, alilinyanyua mwenyewe haraka. Halafu kulikuwa na jambo la kupakia. Wanawake wa kazi za ndani waliotutembelea walikuwa na ada yao: siku ya kuondoka unapakia begi mbele ya madam, nguo moja moja, ukiikung'uta, asije akapata la kusema. Rehema alikuwa amepakia peke yake, mlango umefungwa. Mama alilitaja hilo mara mbili, kwa sauti ya chini, akidhani nimelala.

Siku hizo mji haukuwa na majumba ya sinema, ila baba alikuwa na diski ya picha moja ya zamani ya Kimarekani, isiyo na rangi, yote mahakamani. Tuliiona hata nikajua nani atakohoa lini. Mtumishi mweusi ameshtakiwa kuiba saa ya tajiri wake mzungu. Wakili anaonyesha wazi kwamba siku ile hakuwa hata karibu na nyumba, na bado wale wazungu kumi na wawili waliowekwa kuamua kesi wanarudi na kusema ana hatia. Baba alituwekea tena Jumatano, akitafsiri. Nililia kwa hasira kama kawaida yangu, nikasema ningekuwa mimi hakimu ningetafuta ushahidi kwanza. Baba alinisifu mbele ya mgeni.

Rehema alikuwa akimenya vitunguu saumu. "Maneno yao mazuri," alisema. "Lakini mbona hakuna aliyeuliza kama hiyo saa ilipotea kweli?"

Mimi niliona anajitetea, na shaka yangu ikazidi.

Kesho yake, alipoingia kuoga, nilianza kazi. Nilitoa nguo zote, nikapapasa sakafu ya begi, mkono ukagusa kitu kigumu ndani ya bitana. Hapo palikuwa pameshonwa kwa mkono, uzi mwekundu kwenye kitambaa cheusi. Nikachukua mkasi wa mama. Ilitoka bangili ya dhahabu, nzito, na nikakimbia nayo sebuleni nimejaa fahari, nikaiweka mapajani mwa baba.

Baba aliigeuza. Upande mmoja ilikuwa imebonyea, naye akapitisha kidole gumba hapo.

"Hii ni ya bibi yetu," alisema. "Mlango wa jikoni ulimbana mkono."

Rehema alikuwa ameshasimama mlangoni, maji yakimdondoka nyweleni. "Nilikuja nayo mkononi," alisema. "Siku ya kwanza mwenzangu Mganda akaniambia nivue, nifiche. Mweusi akivaa dhahabu kwenye nyumba zao, hata iwe ya bibi yake, ameiba."

Mama alikaa chini. Baba alisema ataeleza. Rehema akamuuliza atamweleza nani, na risiti ya bibi iko wapi. Walizungumza sana, na neno nililolisikia zaidi lilikuwa ikama, wala si Rehema aliyelitaja. Mwishowe yeye ndiye aliyesema wampe madam bangili ile, anataka kwenda kwao.

Ijumaa alasiri madam aliipokea, akaipima uzito kiganjani, hakuigeuza hata mara moja. Alisema kwa Kiarabu, nami nilikielewa kwa kuwa nilisoma shule ya huko, kwamba ndiyo hiyo hiyo, na kwamba hawa watu ndivyo walivyo. Baba, mfasiri, hakutafsiri. Rehema akatia dole gumba kwenye karatasi ya kukiri wizi, ndipo pasipoti yake ikatoka mfukoni mwa kafili.

Kwa miaka mingi nilijiambia kosa langu lilikuwa kupekua begi la mtu. Nilipokua ndipo nilipoliona lenyewe. Yule wa kwenye picha nilimlilia, na huyu aliyeketi nami mkeka mmoja nilimfanya mwizi kwanza, kisha nikamtafutia ushahidi. Na rangi yetu ni moja. Naona aibu mpaka leo. Baba simlaumu, maana alituogopea sisi, lakini picha ile sijaitazama naye tena.

Mwaka juzi nilimtembelea Rehema kwake Kwale. Ukoo mzima unajua kwamba aliiuza bangili ya bibi Uarabuni akala pesa, na mamake alikufa akiamini hivyo. Nilimuuliza mbona hakusema ukweli. Alinimiminia chai kwanza.

"Ningesema," alinijibu, "wangeuliza nani aliyeitoa begini."