Jina la Mwenye Tangazo

Mchapaji wa duka la steshenari pale Kibiti hutikisa goti muda wote anapoandika. Misiba, mbuzi waliopotea, vikao vya shule, vyote huvichapa bila kugusa neno, mradi mwenye tangazo akubali jina lake liwekwe chini. Aliamini kwamba mtu akitakiwa kutaja jina lake, ubaya utamwishia mdomoni. Leo asubuhi Gharibu, mkulima wa Umwe ambaye mpunga wake umeliwa na ng'ombe, alimletea karatasi: wafugaji ni kupe, tuwatoe kwa moto. Mchapaji alipofika kwenye neno la mwisho, goti likatulia.

"Na jina?" akauliza.

"Andika Gharibu, na namba yangu ya simu. Si uhuru wa kusema huu, dada? Ng'ombe wao mbona hawakuniomba ruhusa!"

Mlangoni, mke wa mfugaji anayemletea mchapaji maziwa kila siku alikuwa akiyamimina kwenye chupa ya dukani, taratibu, asimwage. Mchapaji akavitazama vidole vyake mwenyewe, kisha akaificha mikono chini ya meza.

"Umeme umekatika, kaka."

Gharibu akainua macho. Juu yao feni ilikuwa ikizunguka.