Tanuru Nililoliacha Peke Yake

Nakumbuka siku moja kwa harufu yake kabla ya kitu kingine: moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, nyasi zilizoungua, na harufu ya tatu nitakayoitaja baadaye, mwanangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, kwa sababu sikuweza kukaa mahali pamoja wakati kuna kitu kinapita nje ya dirisha. Tulilima mihogo na mahindi magharibi ya Kolwezi, karibu na reli inayokwenda Kisenge na Dilolo. Kiangazi kikifika, marehemu babu yako, ambaye mimi nilimwita Tata, alichoma makala. Magogo yanapangwa, yanafunikwa nyasi, kisha udongo, na moto unawashwa kwenye mlango mmoja mdogo. Kuanzia hapo moto unakula ndani siku nyingi bila sauti, na kwa juu tanuru unaliona kama kilima cha udongo tu.

Kadiri moto unavyokula, kilima kinabonyea na nyufa zinafunguka. Mlinzi anaziba kila ufa kwa bonge la udongo ungali wa upana wa kidole. Akichelewa, hewa inaingia, chini panakuwa shimo la makaa mekundu, na juu linabaki ganda jembamba la udongo ambalo halionyeshi kitu. Ndiyo maana Tata hakupanda tanuru bila gongo lake refu la mubanga, ule mti mgumu. Alidunga kwanza, ndipo akaweka mguu.

Asubuhi ile alikuwa anakwenda mtoni na Mama kutoa mihogo waliyoiloweka. Akanipa gongo.

"Utabakia hapa," akasema. "Moshi ikigeuka, unaziba."

"Tata, usiwe na wasiwasi. Ni kulinda tu."

"Njo ile 'tu' yako inanitia woga."

Hawajafika mbali, nikasikia breki za treni zikilia, kisha kimya. Treni za kubeba madini ya manganizi hazikusimama kwetu hata mara moja. Nikajiambia nitakwenda, nitatazama, nitarudi. Na gongo nikaenda nalo, nimeliegemea kama mtu mkubwa.

Dereva alikuwa chini ya injini, mikono imejaa mafuta. Nilimuuliza mambo mengi mpaka nikafika kwenye lile lililokuwa linanisumbua tangu utoto.

"Tata, usukani iko wapi?" nikamuuliza, maana kwetu kila mtu mzima ni Tata.

Akacheka mpaka akakaa kwenye reli. "Treni haina usukani, mutoto. Njia njo inaamua. Mi nasimamisha tu."

Nikapanda injini, nikashika mikono ya chuma, nikashuka, nikatembea mpaka behewa la mwisho nikihesabu. Nilipokumbuka kutazama upande wetu, jua lilikuwa limesimama kichwani, na moshi wetu haukuwa mweupe tena. Ulikuwa mweusi, na chini yake kulikuwa na ulimi wa moto.

Nilikimbia. Kabla sijaona kitu nilisikia sauti ya Mama. Hakuwa anaita jina la mtu. Alikuwa anasema "Mayi, mayi," akiomba maji tena na tena, polepole, kama mtu anayezungumza peke yake.

Walikuwa wamerudi kabla yangu. Tata aliona nyufa, akanitafuta, hakuniona. Akatafuta gongo, hakuliona. Makala yale yalikuwa chumvi, sabuni na mbegu za mwaka mzima, basi akabeba bonge la udongo, akapanda bila kitu mkononi. Hatua ya tatu, ganda likavunjika. Mama alimvuta kwa mabega. Nilipofika alikuwa amekaa chini, na kwa sababu maji mengine hayakuwepo, mguu wake ulikuwa ndani ya beseni la mihogo iliyolowa. Mihogo iliyochacha na nyama ya baba yangu: hiyo ndiyo harufu ya tatu.

Alitazama gongo mkononi mwangu. Aliongea kwa shida.

"Ulihesabu mabehewa?"

"Ndiyo, Tata."

"Yalikuwa ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Kule haukusahau hata moja," akasema, akafumba macho. Hakunigombeza tena mpaka kufa kwake, na mimi natamani angenigombeza.

Mguu ule haukuingia tena shambani. Nikachukua jembe, na sikuliweka chini. Nimelima, nimechoma makala, nimeoa mama yako, tumewalea ninyi saba. Kiangazi miguu iliniwasha, nikaenda kuona Kisenge, nikaenda kuona mpaka wa nchi kule Dilolo, lakini kabla ya wiki ya tatu nilikuwa njiani kurudi, nikijiuliza nani amebaki kulinda. Watu wananisifu kuwa mchapakazi. Ni woga, mwanangu. Ni woga uliokuwa unaniamsha kabla ya majogoo, na bado unaniamsha.

Jumapili ulikuja baada ya misa na buti mpya, ukatuambia umepata kazi kwenye mashimo ya wachimba madini, karibu na mgodi wa Mashamba. Mama yako alipoanza kulia ukamwambia, "Mama, mi sishuki ndani. Niko nashika kamba tu, kule juu." Sikumaliza bukari yangu, ule ugali aliopika mama yako. Ulidhani naumwa.

Sitakukataza kwenda. Mtu aliyeshindwa kukaa darasani hana mdomo wa kukukataza. Lakini sikia. Walio chini hawaoni mbingu, wanakuona wewe. Simu ikilia, iache ilie. Wakipiga kelele shimo la jirani kwamba wamekuta jiwe zuri, waache walione wenyewe. Ukibanwa na haja, waite wenzako wapande kwanza, hata wakikutukana. Ufa ukitokea, useme ungali wa kidole, hata mkubwa wa kazi akikucheka. Na kamwe usiondoke na kitu ambacho mwenzako atakitafuta ili aishi.

Gongo liko nyuma ya mlango wangu, ncha yake bado nyeusi. Lipitie kabla hujaondoka. Mungu wa babu yako akupe macho yasiyochoka na miguu inayojua kusimama. Kila kamba utakayoishusha ipande na mtu wake. Nawe urudi kwetu na miguu yako yote miwili, tukae mezani, nami nimalize bukari yangu.